Nafuu, Foleni na Bei: Jinsi Wananchi wa Tanzania Bara Walivyoipima Hali Yao chini ya Serikali Zao, 1967–2020

1.0 Utangulizi

Swali la kama wananchi wa kawaida wanajiona wana nafuu chini ya serikali iliyopo madarakani huulizwa kila uchaguzi unapokaribia, na kila mara hujibiwa kwa haraka. Msemaji wa serikali hutaja barabara, zahanati na ukuaji wa uchumi. Mpinzani wake hutaja bei ya unga na sukari. Wote wawili huwa na takwimu za kweli mikononi, na bado hawasikilizani. Makala hii haikusudii kuamua nani kati yao amesema kweli zaidi. Inakusudia kuchunguza jambo linalotangulia ugomvi wao, yaani kipimo chenyewe ambacho mwananchi amekuwa akikitumia, mahali kilikotoka, na namna kilivyobadilika.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, tangu Azimio la Arusha, kipimo hicho kimebadilika kwa kina mara moja, kati ya 1984 na 1986. Kabla ya hapo mwananchi aliipima serikali kwa foleni. Baada ya hapo akaipima kwa bei. Hata hivyo, chini ya vipimo vyote viwili limekuwapo swali moja ambalo halikubadilika: je, njia ya kukifikia kitu ni ile ile kwangu na kwa mwenye cheo? Mwanahistoria asiyelitambua swali hili atashindwa kueleza kwa nini kipindi cha uhaba mkubwa kinakumbukwa na baadhi ya wazee kwa heshima, na kwa nini vipindi vya ukuaji mzuri wa uchumi vimepewa mitaani majina ya kejeli.

2.0 Neno “nafuu” na adabu ya kujibu

Inafaa kuanza na lugha, kwa sababu watafiti wengi wa hali ya maisha hutunga maswali yao kwa Kiingereza kwanza. Neno “nafuu” katika matumizi ya kawaida halina maana ya neema wala utajiri. Husemwa kwa mgonjwa: amepata nafuu, yaani maumivu yamepungua, ingawa bado yuko kitandani. Husemwa pia kwa bei. Mtu anayesema ana nafuu kuliko jana hadai kwamba ana hali nzuri. Anadai tu kwamba jana ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna ulinganisho, na jibu lolote linalotolewa haliwezi kueleweka bila kujua mtu anajilinganisha na nini: na mwaka gani, au na jirani gani.

Jambo la pili ni adabu. Mswahili anayeulizwa hali hujibu kwanza kwamba hajambo, hata kama amefiwa. Habari zenyewe huja baadaye, mazungumzo yakishakolea. Mtafiti anayefika kwenye kaya na dodoso, akauliza moja kwa moja kama maisha ni mazuri au mabaya, huweza kupata jibu la salamu akaliandika kama jibu la utafiti. Isitoshe, mgeni mwenye karatasi hufikiriwa kuwa ametumwa na serikali au na mfadhili, na kila mmoja wa hao hustahili jibu lake. Kwa msingi huo makala hii inaupa uzito ushahidi ambao wananchi waliutoa bila kuulizwa: majina waliyoyapa vitu na nyakati, njia walizozitafuta kukwepa taratibu, na kura zao, pamoja na kura ambazo hawakwenda kuzipiga.

3.0 Foleni na mlango wa nyuma, 1967–1984

Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967 liliweka ahadi ya aina ya pekee. Halikumwahidi mwananchi utajiri. Lilimwahidi kwamba hatanyonywa, na kwamba kiongozi wake hatakuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni wala nyumba ya kupangisha. Kwa maneno mengine, kipimo cha usawa kiliwekwa mbele ya kipimo cha wingi na serikali yenyewe. Jambo hili lina uzito, kwa sababu baadaye serikali ilikuja kuhukumiwa kwa kipimo hicho hicho ilichokitoa.

Katika miaka ya kwanza kipimo hicho kiliinufaisha. Shule, visima na zahanati vilifika mahali ambapo havijawahi kufika, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la 1974, uliwaingiza darasani watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Papo hapo, kuanzia Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa kuwa amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa kuchomewa nyumba. Haiwezekani kuuliza kama mkulima wa wakati huo alijiona ana nafuu bila kukubali kwamba mtu mmoja aliweza kuyapata yote mawili ndani ya miaka mitatu: mtoto wake kuanza shule, na migomba yake kuachwa nyuma.

Hali ilibadilika mwishoni mwa muongo huo. Kupanda kwa bei ya mafuta, kuanguka kwa bei ya mazao ya biashara, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978–79 vilimaliza fedha za kigeni. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri. Sabuni, mafuta ya kupikia, sukari, vibiriti, betri za redio na kanga zikawa bidhaa adimu. Wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipokwisha mikanda ilikuwa bado imefungwa. Unga wa mahindi ya njano yaliyotoka nje uliitwa unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo, na jina hilo lilisema kwa mzaha kile ambacho mkutano wa tawi la chama haukuruhusu kisemwe kwa ukali.

Foleni ya miaka hiyo imeelezwa mara nyingi kama alama ya uhaba. Ilikuwa zaidi ya hapo. Ilikuwa mahali ambapo uhusiano wa mwananchi na dola ulionekana kwa macho. Bidhaa zilitoka kiwandani au bandarini, zikapitia kampuni ya biashara ya mkoa, zikafika duka la kijiji, la ushirika au la kaya. Ili kupata mgawo, mtu alihitaji kutambuliwa na balozi wake wa nyumba kumi. Katika kila hatua ya safari hiyo palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuchukua chake kwanza. Aliyesimama tangu alfajiri aliweza kuvumilia kuambiwa sukari imekwisha. Alichoshindwa kuvumilia ni kuona sukari ile ile ikitoka kwa mlango wa nyuma, ikielekea kwa ofisa au kwa mlanguzi atakayeiuza kwa bei mara kadhaa ya ile iliyopangwa. Lugha ya wakati huo imejaa maneno ya njia na si ya wingi: magendo, ulanguzi, mlango wa nyuma, kujuana.

Hapo ndipo unapoeleweka mshangao wa kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Kwa hesabu ya uchumi kampeni hiyo haikuongeza bidhaa hata moja. Badala yake iliwaogopesha wafanyabiashara, na bidhaa nyingine zikatupwa vichochoroni na waliohofia kukamatwa nazo. Sheria iliyotungwa kwa ajili yake iliwagusa watu kwa makosa yaliyotangulia kutungwa kwake, na ilinyima watuhumiwa haki za kawaida mahakamani, jambo lililolazimu kutungwa kwa sheria nyingine mwaka uliofuata. Lakini umaarufu wa Sokoine ulipanda, na alipofariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 maombolezo yalikuwa makubwa na ya kweli. Maelezo ya kwamba wananchi walidanganywa na propaganda hayatoshi. Walichokiona ni mlango wa nyuma ukifungwa, na kwa kipimo chao hiyo ilikuwa nafuu, hata kama foleni haikupungua.

Kura za mfumo wa chama kimoja zinaonyesha jambo hilo hilo. Kura ya urais ilikuwa ya ndiyo au hapana, na ndiyo ilishinda kwa zaidi ya asilimia 90. Mtu akiishia hapo atadhani nchi nzima iliridhika. Ngazi ya ubunge, ambako wagombea wawili wa chama hicho hicho walishindanishwa, wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa katika uchaguzi mmoja baada ya mwingine tangu 1965, mawaziri wakiwamo. Mpiga kura alitenganisha: aliyeitwa Baba wa Taifa hakuguswa, na aliyekula mgawo wa wilaya akaadhibiwa.

4.0 Ruksa: kutoka foleni kwenda bei

Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Ali Hassan Mwinyi aliapishwa Novemba 1985, na Agosti 1986 serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo mtangulizi wake alikuwa ameyakataa kwa miaka kadhaa. Katika muda mfupi maduka yalijaa. Mitumba, iliyokuwa imekatazwa, ikavaliwa hadharani. Rais mwenyewe akaitwa Mzee Ruksa, jina ambalo lilikuwa la mapenzi na la kejeli kwa wakati mmoja, kutegemea nani analitamka.

Wasomi wengi huusoma mwaka 1986 kama mwaka wa kushindwa au wa kuokoka, kulingana na msimamo wao juu ya ujamaa. Kwa mtazamo wa kaya, ulikuwa mwaka wa kubadilishiwa aina ya taabu. Shilingi iliyokuwa takribani 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka huo ilivuka 50 kabla mwaka haujaisha, na kufikia 1990 ilikaribia 200. Sabuni ilikuwapo dukani. Fedha ya kuinunulia haikuwapo mfukoni. Mshahara halisi wa mfanyakazi, uliokwisha kuporomoka kwa zaidi ya nusu tangu katikati ya miaka ya 1970, haukutosha kwa mwezi, na kwa wengi haukufika wiki mbili.

Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika miaka hiyo ya 1980, ameonyesha kuwa watu hawakungoja. Walianzisha miradi: kufuga kuku uani, kuuza maandazi, kushona, kukodisha mkokoteni. Wanawake na watoto, waliohesabiwa kuwa wategemezi katika takwimu za ajira, mara nyingi ndio waliolisha kaya ambazo baba yake alikuwa mwajiriwa wa serikali. Mabasi madogo ya watu binafsi yalikuwa yameanza kukubaliwa rasmi mwaka 1983, baada ya shirika la usafiri la umma kushindwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa “dala”, na kutoka kwa wapiga debe waliokuwa wakiita “dala, dala” likazaliwa jina tunalolitumia hadi leo. Ni mfano mzuri, kwa sababu foleni ya kituoni haikuondolewa na mpango wa serikali, bali na uamuzi wake wa kuacha kukataza kile ambacho watu walikuwa wameshaanza kukifanya.

Hivyo basi, je, walijiona wana nafuu? Jibu linategemea mtu alikuwa anasimama wapi katika mfumo wa zamani. Mkulima aliyekuwa akiuza mahindi kwa shirika la umma na kulipwa kwa kuchelewa alipata uhuru wa kuuza kwa anayemtaka, ingawa mbolea yake ilipanda bei ruzuku ilipoondolewa. Karani wa ofisini, aliyekuwa na mgawo wa uhakika na matibabu ya bure, alipoteza karibu kila kitu isipokuwa cheo. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada kwa jina la kuchangia gharama. Katika foleni, maskini na mwenye nacho walisimama pamoja angalau kwa kanuni, na aliyeiruka alijua anavunja kanuni. Katika bei hakuna aliyeiruka foleni, kwa kuwa foleni yenyewe imehamia ndani ya mfuko wa kila mtu. Malalamiko yakakosa mtu wa kuyabeba. Balozi, meneja wa duka na mlanguzi walikuwa na majina na nyumba zinazojulikana. Soko halina nyumba. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuanza kuita taabu yao kwa jina la rais.

Aidha, Azimio la Zanzibar la Februari 1991 liliyalegeza masharti ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kufanya yale ambayo Azimio la Arusha lilimkataza. Uamuzi huo ulitajwa na waliouunga mkono kama wa kuendana na wakati. Kwa aliyekuwa akilipima taifa kwa njia na si kwa wingi, ulikuwa na maana kwamba mlango wa nyuma umegeuzwa kuwa mlango wa mbele.

5.0 “Ukapa” na “maisha bora”

Serikali ya Benjamin Mkapa, 1995 hadi 2005, ni kielelezo kigumu kwa yeyote anayeamini kuwa takwimu nzuri huleta hisia nzuri. Mfumuko wa bei, uliokuwa karibu asilimia 30 ilipoingia madarakani, ulishushwa hadi takribani asilimia 5. Mwaka 2001 nchi ilipata msamaha mkubwa wa madeni, na ada ya shule za msingi ikafutwa. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ambayo kwa mwanamume wa kijijini ilikuwa na maana ya kulala porini mgambo wanapopita. Pamoja na yote hayo, neno lililobaki mitaani kutoka kipindi hicho ni “ukapa”: hali ya kutokuwa na kitu mfukoni, mchezo wa maneno kati ya jina la rais na usemi wa “kutoka kapa”.

Haifai kulipuuza neno hilo kama utani wa vijana. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya za serikali yenyewe zinalieleza. Walioishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 38.6 mwaka 1991/92, asilimia 35.7 mwaka 2000/01, na asilimia 33.6 mwaka 2007. Katika kipindi kati ya tafiti mbili za mwisho uchumi ulikuwa ukikua kwa takribani asilimia 6 hadi 7 kila mwaka. Ukuaji ulikuwa wa kweli; pointi mbili zilizopungua nazo zilikuwa za kweli. Aliyesema ana ukapa hakuwa amekosea hesabu. Wakati huohuo viwanda na mashirika yaliyobinafsishwa yaliwaachisha watu kazi, na majumba mapya yalipanda mbele ya macho yao katika miji ile ile.

Jakaya Kikwete alilisoma neno hilo vizuri kuliko wachumi. Kauli mbiu ya chama chake mwaka 2005, “Maisha Bora kwa Kila Mtanzania”, ililijibu swali la nafuu moja kwa moja, na alichaguliwa kwa asilimia 80. Ila alikuwa ametoa ahadi ambayo kila mtu angeweza kuikagua nyumbani kwake bila kungoja ripoti. Miaka mitano baadaye kura zake zilipungua kwa zaidi ya pointi 17. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni waliokaa nyumbani: waliojitokeza kupiga kura walikuwa zaidi ya asilimia 70 mwaka 2005, na chini ya asilimia 45 mwaka 2010. Sababu za kutokwenda kituoni ni nyingi, na daftari lenye majina yasiyosahihishwa ni mojawapo. Lakini anguko la kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa daftari pekee.

6.0 Vyuma kukaza, na nani anaruhusiwa kuhesabu

John Magufuli aliingia Novemba 2015 akiwa na lugha ambayo wazee waliitambua. Ziara za ghafla, kutumbua majipu, kuondoa watumishi hewa na wenye vyeti bandia, kubana safari za nje: yote haya yalikuwa mambo ya mlango wa nyuma. Kuanzia 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Ilikuwa kana kwamba swali la 1983 limerudi, na wananchi walilipokea kwa namna ile ile. Utafiti wa Sauti za Wananchi uliofanywa na Twaweza ulikuta mwaka 2016 kwamba asilimia 96 waliridhishwa na utendaji wa rais.

Tofauti ni kwamba sasa kipimo cha bei hakikuwa kimeondoka. Fedha zilipopungua mitaani, msemo ulioenea ulikuwa “vyuma vimekaza”. Utafiti huo huo ulionyesha asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 55 mwaka 2018. Tukiyasoma maelezo haya kwa kulinganisha na ya 1983, tunaona kwamba kufunga mlango wa nyuma kulimpa kiongozi sifa ya haraka katika nyakati zote mbili, lakini Sokoine hakuishi muda wa kutosha kuulizwa kuhusu bei. Magufuli aliishi. Vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000, vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018, vilionyesha anavyojaribu kujibu: muuza soksi wa barabarani alinunua haki ya kutofukuzwa. Mwaka huohuo bei ya korosho iliamriwa kuwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaagizwa kuzikusanya, na kwa muda mfupi mkulima wa Mtwara na Lindi alirudishwa katika dunia ambamo bei hutangazwa na dola na malipo husubiriwa.

Matokeo ya 2018 hayakupokelewa kwa utulivu. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilihoji kibali cha utafiti huo, na mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ili kuchapisha takwimu zinazokinzana na zile rasmi kuwe kosa la jinai. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya shinikizo, likiwamo la Benki ya Dunia. Kwa mwanahistoria wa nafuu tukio hili lina umuhimu sawa na tukio lolote la kiuchumi katika kipindi hicho. Katika miaka ya foleni serikali haikuwa na haja ya kukataza utafiti wa maoni, kwa kuwa hapakuwa na aliyeufanya. Kuukataza kunaonyesha kwamba hisia za wananchi zilikuwa zimekuwa hoja yenye nguvu kiasi cha kuogopwa.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini, kwa wastani wa dola 1,080 kwa kila mtu mwaka 2019. Utafiti wa kaya wa 2017/18 ulikuwa umekuta asilimia 26.4 wakiwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Hizi ni habari njema, na hakuna sababu ya kuzionea haya. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na zaidi ya nusu yao wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Hawakusimama foleni ya sukari, hawajui ladha ya unga wa Yanga, na mgambo wa kodi ya kichwa ni hadithi ya babu. Wanapoambiwa wana nafuu kuliko miaka ya 1980 hawana cha kulinganisha. Wanalinganisha na mwenzao waliyemaliza naye kidato cha nne, ambaye baba yake ana simu ya mtu ofisini.